Kilwa Hadi Lindi: Heshima Haipimwi kwa Mizani

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda kusini kwa barabara huvuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya mwaka huo abiria walingoja kivuko, na wakati wa masika, njia ikiwa matope matupu, waliweza kungoja muda mrefu sana. Siku hizi gari hupita juu ya mto bila kusimama, likaendelea mpaka Somanga, kijiji cha pwani katika wilaya ya Kilwa. Hapo abiria hushuka kunyosha miguu na kutafuta chakula.

Kabla ya kuonja samaki wa Somanga utasikia kwanza jinsi wanavyouzwa. Gari halijatulia vema, na sinia zimekwisha inuliwa madirishani. "Baba, samaki wa leo huyu!" "Mama, korosho hizi, onja kwanza!" "Kaka, pweza!" Wauzaji hawajui jina la abiria hata mmoja, lakini humsikii anayeitwa "wewe". Mwenye mvi ni mzee au babu, mwenye mtoto ni mama, kijana ni kaka au dada. Kufumba na kufumbua, watu hamsini wasiojuana wamekuwa ukoo mmoja.

Wako watakaosema hiyo ni hila ya kuuza tu. Kwa wengine labda ni hila. Lakini msafiri asiye na haraka, akipita Kivinje, Masoko, Kisiwani na Lindi mpaka Nyangao, ataona ya kwamba nyuma ya maneno hayo kuna sheria ya zamani. Nasi yafaa tuijue, maana nyumba nyingi katika vijiji vyetu huuza kitu: wengine wana duka, wengine wana meza ya nyanya chini ya mwembe.

DUKA HALIONDOI UMRI

Sheria ya kwanza ni hii: anayeuza na anayenunua hubaki na umri wao. Mtoto akitumwa dukani hapigi kelele kutoka njiani. Hupiga hodi, akaribishwe, kisha huamkia: "Shikamoo, mjomba." Mwenye duka hujibu: "Marahaba, mwanangu. Umetumwa nini?" Ndipo mtoto husema: "Mama anaomba nusu kilo ya sukari." Lakini kama muuzaji ndiye kijana na mnunuzi ndiye mzee, basi kijana aliye nyuma ya meza ndiye wa kuamkia kwanza, hata kama mzee amekuja kununua kibiriti kimoja tu.

Sikilizeni tena neno lile, "anaomba". Mtu mwenye adabu hasemi "nipe sukari", wala "nataka sukari". Husema "naomba sukari", na huku fedha iko mkononi. Mgeni aweza kushangaa, kwa nini mtu aombe kitu anachokilipia? Jibu si gumu. Fedha hununua sukari, hainunui mtu anayeipima. Yule mtu twamwomba, kwa sababu kazi ya mikono yake na wema wake havina bei.

Hata kukosa kitu kuna maneno yake. Muuzaji mwenye adabu hatupi neno "hakuna" kama atupavyo ganda la muhogo. Husema, "Kimekwisha, mama, tujaribu kesho Mungu akipenda." Naye mnunuzi asiyeridhika na bei hasemi "wewe mwizi". Husema, "Ahsante, baba, nitarudi," na wote wawili waelewa kwamba pengine hatarudi. Hakuna aliyeaibishwa, na mlango haukufungwa. Ndiyo maana wazee walisema, biashara haigombi.

Adabu hii haikuja na maji ya bahari peke yake. Pwani hii ya kusini huishi Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga, Wamwera, Wamakonde, Wayao na wengine, na kila kabila lilikuja sokoni na heshima yake. Katika Kiyao, kwa mfano, mtu mzima mmoja huzungumzishwa kana kwamba ni wengi. Kiswahili hakina desturi hiyo, kwa hiyo hutumia baba, mama, mjomba, shangazi na babu kufanya kazi ile ile.

KIVINJE, MAHALI MTU ALIPOKUWA BIDHAA

Ukifika Nangurukuru unaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kilwa, na karibu na hapo iko Kilwa Kivinje. Ni mji mkongwe wenye nyumba za mawe zilizochakaa. Katika karne ya 19 ulikuwa bandari kubwa ya misafara. Watu walitekwa katika nchi za Ziwa Nyasa na kwingineko, wakatembezwa majuma mengi, wakauzwa, wakapakiwa majahazini kupelekwa Unguja na ng'ambo. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza wasisafirishwe kwa bahari. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa na sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Mahali kama hapo neno "shikamoo" lina uzito. Watu wengi walioichunguza lugha yetu waeleza kwamba latokana na maneno "nashika miguu". Zamani lilikuwa neno la mdogo kwa mkubwa na la mtumwa kwa bwana wake. Mtu aliyenunuliwa alilitoa kwa aliyemnunua.

Leo je? Leo hatumpi mtu shikamoo kwa kuwa ana mali. Twampa kwa kuwa amekula chumvi nyingi kuliko sisi. Tajiri wa miaka 30 humwamkia mchukuzi wa miaka 60 anayembebea mzigo, na asipomwamkia, watu wote sokoni humwona hakulelewa. Neno lilelile lililokuwa la mtu na mmiliki wake limekuwa la mtoto na mzee wake. Wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza huamkiana kwa hilo katika mitaa ile ile. Kweli, heshima si utumwa.

Lakini neno laweza kuinuliwa, na laweza pia kuangushwa. Wakati wa ukoloni mtu mzima mwenye wajukuu aliweza kuitwa "boi" na kijana aliyemwajiri. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno "ndugu" lilienea kila mahali, na waziri na mkulima wakaitwa vivyo hivyo. Baadaye "mheshimiwa" alirudi katika vinywa vya watu, na madukani akaingia "bosi". Yatupasa kuwa macho na huyu "bosi". Baba na mama ni majina ya umri, ambayo hata maskini huyapata kwa kuishi tu. Bosi ni jina la mfuko.

MFALME ALIYEITIKA

Kutoka Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya, wavuka kwa mashua mlango mfupi wa bahari na kushuka Kilwa Kisiwani. Magofu yake pamoja na yale ya Songo Mnara yaliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ulimwengu. Utaona Msikiti Mkuu na kuba zake, ngome iitwayo Gereza ufukweni, na ng'ambo kidogo Husuni Kubwa, jumba la kifalme lililojengwa juu ya bahari.

Wafanya biashara hupenda kusema "mteja ni mfalme", na wengi hudhani maana yake ni kwamba mwenye fedha aamuru na mwenye duka ainame. Basi Kilwa ilikuwa na mfalme wa kweli. Mwaka 1331 alifika hapa Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Msafiri huyo asimulia kwamba siku ya Ijumaa, Sultani alipotoka kusali, maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani na kumwita. Sultani hakumfukuza, wala hakungoja watumishi wamjibie. Aliitika "labbaika", kisha akamwuliza haja yake. Yule maskini akaomba mavazi ambayo Sultani alikuwa ameyavaa mwilini. Sultani akarudi ndani, akayavua, akampa.

Neno hilo "labbaika" twalijua sote. Ndilo "labeka" letu la pwani, na ndilo lililofupishwa likawa "abee" au "bee". Wanaume huitika "naam", lakini wasichana na akina mama wengi huitika "abee" kila waitwapo, pengine bila kujua ya kwamba neno hilo lilitoka katika kinywa cha mfalme kumwendea ombaomba. Maana yake ni: niko hapa kwa ajili yako.

Hiyo ndiyo maana nzuri ya "mteja ni mfalme" katika nchi ya Kilwa. Mfalme ndiye aitikaye kwanza. Kamusi zetu nazo husema kwamba mteja si mnunuzi tu; ni pia mtu anayetibiwa na mganga, yaani mtu aliyekuja na haja. Siku hizi tumelizoea neno hilo katika simu, pale tunapoambiwa kwamba mteja hapatikani. Lakini aliyesimama mbele ya meza yako anapatikana. Yuko pale, ana haja, na jambo la kwanza analostahili ni kuitikiwa.

Tusifiche lakini upande wa pili wa habari hiyo. Katika masimulizi hayohayo, maskini yule alipewa zaidi ya mavazi: alipewa pembe za ndovu, na pamoja nazo watumwa. Mfalme aliyemwitikia ombaomba kwa unyenyekevu aliwatoa watu wengine kama mtu atoavyo mizigo. Hapo twajifunza ya kwamba neno tamu kwa mmoja halitoshi, ikiwa mwingine hahesabiwi kuwa mtu.

LINDI: MJOMBA NA MACHINGA

Ukirudi Nangurukuru na kuelekea kusini wafika Lindi, mji uliokaa kando ya ghuba, na ng'ambo yake ni Kitunda. Katika soko la Lindi jina utakalolisikia sana ni "mjomba". "Mjomba, punguza kidogo." "Mjomba, hii bei ya mwisho." Mijini vijana wamelifanya "anko" na kulitumia kama chumvi katika kila sentensi.

Lakini kusini mjomba si mtu wa mzaha. Wamwera, Wamakonde na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye aliyekuwa mwenye madaraka juu ya watoto wa dada yake: kuwaoza, kuwatetea, kulipa deni lao. Kwa hiyo mtu akikuita mjomba, amekukabidhi jambo. Amesema, mimi ni mtoto wa dada yako, usinidhulumu. Muuzaji akiitikia jina hilo kisha akapunja kipimo, dhambi yake ni mbili.

Neno jingine lililotoka pande hizi ni "machinga". Leo Tanzania nzima huwaita hivyo wachuuzi wadogo watembezao bidhaa mikononi. Wengi hueleza kwamba jina hilo latokana na Wamachinga wa pwani hii, ambao vijana wao walikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Wengine wana maelezo mengine. Lakini tazameni jinsi jina la watu wazima wenye kwao, wenye wazee na makaburi, lilivyoweza kutumiwa kama kemeo: "Toka hapa, machinga!"

Hapa ndipo wanunuzi nasi tujipime. Twapenda sana kuzungumza juu ya adabu ya muuzaji, lakini mnunuzi naye ana ulimi. Mtu akiingia katika duka kubwa la vioo husema "samahani, dada". Nje ya duka lile lile humwita mchuuzi kwa mluzi, kama amwitaye mbwa. Mtakatifu Yakobo Mtume, katika sura ya pili ya waraka wake, awakemea Wakristu waliompa mtu mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri, na maskini wakamwambia asimame au akae chini miguuni. Tukimwita mmoja "bosi" na mwingine "we!", tumefanya jambo lile lile pasipo viti.

BAKULI NA MANENO MATAMU

Kusini kidogo ya Lindi, njia panda ya Mnazi Mmoja, barabara moja yaenda bara kupita Mtama na Nyangao. Ni nchi ya mikorosho. Huku mkulima ndiye muuzaji, naye hukutana na namna mbili za wanunuzi.

Namna ya kwanza ni ya mizani ya chama cha msingi, katika utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza kusini mwaka 2007. Mkulima hufika na gunia, karani hupima na kuandika. Hapo lugha ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mzee aliyepokewa kwa "karibu, baba, tupime pamoja" huthubutu kusema, "Mwanangu, hebu nisomee tena hiyo mizani." Mzee aliyepokewa kwa "haya we, lete, wenzako wanangoja" hunyamaza, akachukua karatasi asiyoielewa, akaenda zake. Ukali wa ulimi humnyima mtu haki ya kuuliza, na asiyeweza kuuliza ni rahisi kuibiwa.

Namna ya pili ni kangomba. Hawa ni walanguzi wanaonunua korosho kwa kificho, mara nyingi kwa bakuli badala ya mizani, na kwa bei ya chini, kwa kuwa wajua mkulima ana shida: ada ya shule, mgonjwa, njaa ya kabla ya mavuno. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kazi moja kubwa ilikuwa kuwatafuta watu hao. Na mlanguzi hajui matusi. Ulimi wake ni asali. "Mama yangu, nimekuja kukusaidia. Mimi ni mwanao." Bakuli lake ni kubwa, na fedha yake ni ndogo.

Basi tusichanganye mambo. Adabu ya kweli hujulikana kwa kipimo kinachoifuata. Kitabu cha Mithali chatufundisha kwamba mizani ya hila ni chukizo kwa Mungu, na hakisemi kwamba chukizo hilo hupungua muuzaji akisema kwa upole. Ukimwita mwanamke "mama", mpimie kama ungempimia mama aliyekuzaa.

BAWABU NA MTUNZA GHALA

Nyangao ni mahali ambapo wamisionari Wabenediktini walifika mwishoni mwa karne ya 19. Misheni iliteketezwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, kisha ikainuka tena. Wabenediktini huishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, nayo ina mafundisho ambayo kila mwenye duka angeweza kuyabandika ukutani.

Kanuni hiyo yaagiza kwamba bawabu, mara asikiapo mtu anabisha au maskini anaita, amjibu kwa kumshukuru Mungu au kwa kuomba baraka. Ndiyo hodi na karibu yetu hiyo, ndiyo labeka ya Kisiwani. Yaagiza pia kwamba mtunza ghala, akiwa hana kitu cha kumpa mwombaji, ampe angalau jibu jema. Tena yasema kwamba watawa wauzapo kazi za mikono yao wasiingize tamaa katika bei, bali wauze kwa bei iliyo chini kidogo kuliko ya watu wengine. Sauti njema, jibu jema, bei njema: mambo matatu yaliyofungwa pamoja. Ukiondoa moja, mengine mawili hulegea.

Haya hayahusu maduka peke yake. Mama mzee aliyekwenda zahanati akaitwa "wewe bibi, huoni foleni?" mbele ya watu, safari nyingine atakawia nyumbani mpaka ugonjwa umemzidi. Kijana aliyejibiwa kwa ukali katika ofisi ya parokia alipokwenda kuandikisha ndoa, pengine hatarudi. Palipo na meza, na mtu mmoja nyuma yake na mwingine mbele yake mwenye haja, sheria ya pwani yafaa.

Wazazi, tuwafundishe watoto mapema. Tunapowatuma dukani tuwape fedha na maneno pamoja: hodi, shikamoo, naomba, ahsante. Wakikaa kwenye meza yetu ya nyanya, wajue kumwamkia mchanja kuni sawasawa na mwenye gari, na kuwapimia wote fungu moja. Waelezeni pia kwamba mtu mwema anaweza kukataa bila kutukana, na kwamba mtu akiwaita kwa majina matamu, bado wana ruhusa ya kutazama mizani.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila anayesimama mbele ya meza zetu ni mgeni wa namna hiyo. Huenda atanunua, huenda hatanunua. Huenda tutapata shilingi, huenda tutakosa. Lakini akiondoka akiwa ameitwa baba au mama, na kipimo chake kikiwa kamili, ameondoka na kitu chake halali, na sisi tumebaki na chetu.